Wajane Waliosahauliwa na Ghala la Parokia

Dominika ya Tano ya Pasaka, Mwaka A



Somo la kwanza la Dominika ya leo, lililotoka katika Kitabu cha Matendo ya Mitume sura ya sita, husomwa makanisani mwetu kana kwamba ni taarifa ya kikao cha halmashauri. Twasikia kwamba wanafunzi waliongezeka, pakazuka manung'uniko, wakachaguliwa watu saba, wakawekewa mikono, kazi ikaendelea. Kisha twangoja Injili. Leo twapenda kukaa kidogo mahali hapo tunapopita mbio, yaani kwenye manung'uniko yenyewe, kwa maana yalihusu chakula. Kulikuwa na wajane mjini Yerusalemu waliokuwa wakipitwa siku kwa siku katika ugawaji, nao walikuwa wajane wa Kikristo, ndani ya Kanisa lililokuwa bado na Mitume waliomwona Bwana Mfufuka kwa macho yao. Jambo hilo latosha kutuondolea kiburi. Ikiwa Kanisa la Mitume liliweza kumsahau mwenye njaa, la kwetu laweza pia. Na tutaeleza jinsi lilivyokwisha kufanya hivyo.

Huenda msikilizaji akauliza: kwa nini kuzungumzia njaa sasa, mwezi Mei, wakati mtama unakomaa na watu wamekwisha kuisahau Februari? Sisi tuishio katika nyanda kavu za Dodoma twajua kwamba huu ndio wakati wake hasa. Mvua zetu ni za msimu mmoja tu, tangu Desemba hadi Aprili. Kinachovunwa kuanzia Mei hadi Julai hakina budi kuvuka mwaka mzima, na kila nyumba yajua mahali kinapokatikia: wengine Novemba, wengine Januari, wenye bahati hawakatikiwi kabisa. Basi anayetaka kuwa na kitu cha kumpa jirani wakati wa kulima, akiweke wakati wa kuvuna. Ghala linaloanza kutafutiwa mahindi mwezi Januari limechelewa, maana wakati huo hata mwenye moyo hana, na bei ya debe sokoni haikamatiki.

Kiswahili kina neno ambalo vijana wa mjini hawalitumii sana, neno kuhemea. Kuhemea ni mbali na kuombaomba. Mwenye kuhemea hutoka kwake wakati wa upungufu, amechukua gunia tupu, akaenda kwa ndugu au kijiji cha mbali kutafuta chakula. Pengine hununua, pengine hubadilisha mbuzi kwa mtama, pengine hulima siku tatu katika shamba la mwenyeji wake akapewa debe. Arudipo na mzigo kichwani watu humpa pole ya safari, na watoto wake humkimbilia njiani. Wazee wetu walijua neno hilo kwa kuliishi. Katika Ugogo bado husimuliwa njaa ya Mtunya ya miaka ya 1917 hadi 1920, wakati majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalipokuwa yamekwisha kuchukua nafaka, ng'ombe na wapagazi, kisha mvua nayo ikakosekana. Watu walikwenda kuhemea hata wakafia njiani. Lakini waliosalia hawakusimulia kwamba wazazi wao walikuwa ombaomba.

Twalitaja neno hili kwa kuwa ghala la parokia laweza kumfanya jirani yetu ahemee, na laweza kumfanya aombeombe. Mahindi ni yale yale.

Sasa tueleze tulivyojifunza hayo, na tueleze bila kujipamba.

Ghala letu lilianza katika chumba kimoja nyuma ya nyumba ya mapadre, chumba kilichokuwa kikitunza saruji wakati wa ujenzi wa kanisa. Baada ya mavuno kila jumuiya ndogo ndogo ilileta ilichoweza, hata tukawa na magunia kumi na moja ya mahindi na mtama, na debe kadhaa za karanga. Tulifurahi sana. Mwezi Novemba kamati ikaketi kuandika orodha ya watakaosaidiwa. Mjumbe mmoja akashauri tuanze na waamini walio hai, yaani wale ambao kadi zao za zaka zimegongwa muhuri na wanaohudhuria jumuiya kila juma. Sote tukaona ni haki. Tulisema: mwenye kuchangia ghala ndiye wa kwanza kufaidi ghala. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Yakaandikwa majina thelathini na mawili, na Dominika iliyofuata, baada ya Misa ya pili, majina hayo yakasomwa kwa kipaza sauti mbele ya kanisa, kila mmoja akapita mstarini kupokea kipimo chake. Tulipiga na picha.

Majuma mawili kabla ya Noeli, mvua zikiwa zimechelewa, katekista wa kigango kimoja alikwenda nyumbani kwa bibi mjane kuuliza sababu ya wajukuu wake wawili kutoonekana katika mafundisho ya Komunyo ya Kwanza. Alimkuta ameinamia beseni, akiosha mtama. Maji yalikuwa ya kijivu. Wakulima mwanisikilizao mmekwisha kuelewa: mtama wa kula hauchanganywi na majivu. Majivu huwekwa kwenye mbegu, ili wadudu wasiiharibu kabla ya kupanda.

"Bibi, hiyo si mbegu?" katekista akauliza.

"Ni mbegu, mwalimu."

"Na mvua ikinyesha?"

"Ikinyesha itatukuta."

Katekista akamwuliza kwa nini hakufika kanisani siku ya ugawaji. Bibi hakuinua macho. "Kadi yangu haina muhuri tangu mwaka juzi, mwalimu. Jumuiyani nako nimeacha kwenda, maana kila juma kuna mchango, nami sina. Sasa ningesimama katika mstari ule kwa uso gani?"

Siku hiyo ghala letu lilikuwa bado na magunia manne.

Tafadhali msikilizaji, pima jambo hili kwa akili ya mkulima. Mtu anayekula mbegu mwezi Desemba amekwisha kula mavuno ya Juni ijayo. Njaa yake ya mwaka huu imezaa njaa ya mwaka ujao, na kilichokosekana ni debe moja tu kwa wakati wake. Tena lilikosekana si kwa sababu halikuwapo. Orodha yetu ilikuwa imetengenezwa kwa namna ambayo mwenye njaa zaidi ndiye aliyekuwa na hakika ya kuachwa. Asiye na kitu hawezi kulipa zaka. Asiyelipa huona haya. Mwenye haya huacha jumuiya. Aliyeacha jumuiya hatajwi na mtu. Tulikuwa tumeweka mlinzi mlangoni pa ghala, na jina la mlinzi huyo ni aibu.

Tuliposoma tena sura ile ya sita tuliiona kwa macho mengine. Waliosahauliwa Yerusalemu walikuwa wajane wa Wayahudi waliosema Kigiriki, watu waliokuja kutoka mbali, wasio na ukoo mjini wa kuwasemea. Wenyeji waliosema Kiebrania hawakusahauliwa, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na shangazi au binamu katika kamati, kama tungesema kwa lugha ya leo. Angalia sasa Mitume walivyofanya. Hawakuwaambia wanung'unikaji kwamba hawana shukrani. Hawakuwaagiza wajane walete ushahidi wa umaskini wao. Waliliita kusanyiko zima, nalo likachagua watu saba: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao. Majina yote saba ni ya Kigiriki, na huyo wa mwisho alikuwa mwongofu kutoka Antiokia. Yaani funguo za ghala zilikabidhiwa kwa upande wa wale waliokuwa wamesahauliwa. Tungekuwa sisi, pengine tungewaongezea nafasi moja katika kamati ya watu kumi.

Kuna jambo jingine ambalo tafsiri zetu haziwezi kulionyesha vizuri. Luka atumia neno moja la Kigiriki, diakonia, kwa ajili ya huduma ya kila siku ya chakula, na neno hilo hilo kwa ajili ya huduma ya Neno ambayo Mitume walijiwekea. Haisemwi kwamba moja ni kazi ya kiroho na nyingine ni ya tumbo. Sifa zilizotakiwa kwa wagawaji chakula zilikuwa kushuhudiwa wema, kujaa Roho na kujaa hekima. Baadhi yetu tumezoea kumpa kazi ya ghala yule ambaye hafai kusoma masomo.

Wakristo wa kwanza hawakuiacha desturi hiyo. Mtakatifu Justini Shahidi, aliyeandika mjini Roma karibu na mwaka 155, aeleza kwamba matoleo ya Dominika yaliwekwa kwa msimamizi wa ibada, naye akayatumia kwa yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni wapitao njia. Mwaka 251 Papa Korneli, akieleza hali ya Kanisa la Roma kwa barua, alitaja mapadre 46, mashemasi 7, na wajane na wahitaji zaidi ya 1,500 waliotunzwa na Kanisa hilo. Huko Antiokia, Mtakatifu Yohane Krisostomo aliwaambia waamini kwamba Kanisa lao lililisha kila siku wajane na mabikira wapatao 3,000, mbali na wafungwa, wagonjwa na wageni. Walijuaje idadi? Waliandika. Orodha ya wahitaji ilikuwa kitu cha kanisani, pamoja na vitabu na vikombe. Kwa hiyo hatusemi kwamba kuandika orodha ni vibaya. Twasema iandikwe na mtu aliyetembea.

Tumtaje pia Mtakatifu Basili Mkuu, kwa kuwa mahubiri yake yanatuhusu sisi wa nchi kavu. Karibu na mwaka 369 ukame mkali uliikumba nchi yake ya Kapadokia, katika Uturuki ya leo. Wenye nafaka walizifunga ghala wakingoja bei ipande. Basili aliwahubiria kwa ukali kwamba mkate anaouzuia mtu ni mali ya mwenye njaa, naye mwenyewe, kama alivyosimulia rafiki yake Mtakatifu Gregori wa Nazianzo, akaweka masufuria ya supu ya jamii ya kunde na kuwahudumia watu kwa mikono yake. Nasi tunao wale wanaonunua mahindi ya jirani yakiwa bado shambani, kwa bei ya kutupa, mwenye shamba akiwa na ada ya shule au mgonjwa, kisha humuuzia jirani huyo huyo mahindi hayo hayo mwezi Februari kwa bei mara mbili au tatu. Baadhi yao husali nasi, na baadhi yao ndio watoao magunia makubwa kwa ghala. Twayapokea magunia, na twawaambia ukweli huo pia.

Tangu bibi yule aoshe mbegu yake tumebadilisha mambo kadhaa. Kwanza tuliachana na kadi ya zaka. Zaka ina mahali pake na fundisho lake, isiingie ghalani. Kisha tukaacha kuandika orodha mezani. Mwaka 1976 Maaskofu wa Afrika Mashariki, katika mkutano wao wa AMECEA, walithibitisha kwamba jumuiya ndogo ndogo ziwe kipaumbele cha uchungaji, na kwa kazi hii hakuna chombo bora kuliko hizo, kwa sababu jumuiya ni nyumba kumi au kumi na tano zinazosikia kinu cha jirani kikinyamaza. Lakini jumuiya huwajua wanaokuja. Kwa hiyo kila jumuiya imechagua watu wawili, mwanamke na mwanamume, ambao kazi yao ni kuwatembelea wasiokuja. Mtu akikosa majuma matatu, hatumwiti mzembe. Twakwenda kubisha hodi, na hatuendi na bahasha ya mchango.

Wala dini haiulizwi. Katika vijiji vyetu Mkristo na Mwislamu hukaa kitongoji kimoja, pengine katika ukoo mmoja, na yule Msamaria hakuuliza majeruhi husali wapi. Wako walionung'unika kwamba mahindi ya Wakristo yanakwenda kwa wasio wetu. Tumewaeleza kwamba jirani ni wetu.

Jambo lililotugharimu mjadala mrefu ni namna ya kutoa. Mistari tuliifuta. Umati wenye njaa mbele ya mlango mmoja ni hatari hata kwa mwili: mwezi Aprili 2020, siku za ugonjwa wa korona, watu walikanyagana na kuumia huko Kibera, Nairobi, walipogombea chakula cha msaada. Lakini hata pasipo na msukumano, mstari humwonyesha mtu kwa kijiji kizima. Sasa chakula hutoka ghalani jioni, katika mfuko wa kawaida, mikononi mwa wale wawili wa jumuiya, wakienda kama watu wanaokwenda kumsalimu jirani. Majina yamo katika daftari moja analolitunza katekista. Picha hazipigwi.

Wenye nguvu wanaopungukiwa twawapa nafasi ya kuhemea. Shamba la parokia lina kazi mwaka mzima, za palizi, za matuta, za uzio, na anayefanya kazi hupokea debe lake kama ujira, akalibeba mchana kweupe. Twaangalia sana hapa, maana kamati yenye bidii yaweza kumpeleka ajuza shambani kwa jina la heshima. Wazee, wagonjwa, wajawazito na wenye kulea watoto wadogo hupokea bila kazi yoyote. Na mwezi Novemba, kabla ya chakula, twagawa mbegu ya mtama na uwele kwa walioila ya kwao. Aliyepata mavuno hurudisha kipimo kile kile. Aliyekosa hatufuati deni.

Tumeulizwa mara nyingi kuhusu wadanganyifu. Wapo. Mtu mmoja alipokea madebe mawili, moja likaonekana kilabuni. Tangu hapo chakula cha nyumba ile hupokewa na mama mkwe wake, na hatukuwaadhibu watoto kwa kiu ya baba yao. Mtakatifu Yohane Krisostomo aliwakumbusha waamini wake kwamba Abrahamu alipowaona wageni mbele ya hema lake hakuanza kuwahoji maisha yao. Kati ya kudanganywa na mmoja na kumpita yule wa beseni, sisi tumechagua kudanganywa.

Makatekista wengi huuliza vipimo, basi tuvitaje. Wanaohudumia watu wakati wa njaa hukadiria kwa mtu mmoja kwa siku karibu gramu 400 za nafaka, gramu 60 za maharage au kunde, na gramu 25 za mafuta. Kwa nyumba ya watu watano hiyo ni kilo mbili za nafaka kwa siku, kilo 60 kwa mwezi. Debe moja la mahindi, ambalo ni kama kilo 18, huwavusha siku tisa. Nyumba ishirini kwa miezi mitatu zingehitaji magunia 36 ya kilo 100. Hatujapata kuyafikia. Twatoa nusu, na nusu yajazwa na mboga za mwituni, vibarua na ndugu. Ukame mkubwa ni kazi ya serikali, yenye Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula. Ghala la parokia ni kwa ajili ya njaa isiyotangazwa na mtu.

Nalo ghala litunzwe kama tabernakulo ya maskini, ikiwa tutasamehewa usemi huo. Katika magunia yale manne tuliyobakiza, moja lilikuwa limegeuka unga wa dumuzi. Mdudu huyo si wa kwetu. Alitoka Amerika ya Kati akaonekana mkoani Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, na tangu hapo hakuna ghala lililo salama kwa kumtumaini Mungu peke yake. Mifuko ya tabaka kadhaa isiyopitisha hewa humwua bila dawa, mradi nafaka iwe imekauka. Ukavu hupimwa hivi: tia punje na chumvi kavu katika chupa kavu ya kioo, tikisa, acha kidogo, chumvi ikinata kwenye kioo, rudisha mahindi juani. Magunia yakae juu ya mbao, mbali na ukuta.

Kubwa kuliko dumuzi ni ukungu. Mwaka 2016 watu 20 walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Nchini Kenya, upande wa mashariki, mwaka 2004 walifariki 125. Sumu hiyo haiondoki kwa kupika, wala haionekani daima kwa macho. Twasema haya kwa sababu kuna desturi mbaya ya kuleta kanisani kile ambacho nyumbani kingepewa kuku. Gunia lenye harufu ya uvundo lirudi kwa mwenyewe, hata kama ameliletea wimbo na vigelegele wakati wa vipaji.

Walio mjini na wasiolima huuliza wao watatoa nini. Wakristo wa Mizoram, kaskazini mashariki mwa India, wana desturi iliyoanza mwaka 1910: kila mama apikapo huchota konzi la mchele na kuliweka kando kwa ajili ya kazi ya Kanisa, na konzi hizo hukusanywa nyumba kwa nyumba. Akina mama wa WAWATA katika parokia yetu wameiiga kwa unga wa ugali. Kilichotushangaza ni kwamba nyumba zinazopokea kutoka ghalani nazo zilitaka kopo la konzi. Tulidhani ni kuwatwisha mzigo. Bibi mmoja akatuambia kwamba akiwa na kopo lake jikoni aweza kwenda jumuiyani bila kuficha uso, na kwamba anapopokea mfuko jioni hajui kama unga ule si wa kwake.

Kufuli za ghala letu sasa ni tatu. Ufunguo mmoja anao paroko, mwingine mwenyekiti wa halmashauri ya walei. Wa tatu anao mjane ambaye jina lake halikuwamo katika orodha ya majina thelathini na mawili. Bila yeye mlango haufunguki, na mara mbili amekataa ufunguliwe mpaka kitongoji fulani kitembelewe kwanza. Mara zote mbili alikuwa na haki.

Wapenzi makatekista, mavuno yanaanza. Juma hili nunueni daftari, na kabla ya kuandika magunia yatakayoletwa, andikeni katika ukurasa wa kwanza majina ya wale ambao hawajaonekana jumuiyani tangu Kwaresima. Nendeni kwao kabla ya Dominika ijayo, wakati wa jioni, saa ambayo moto wa kupikia huwa umewashwa.